Safari ya Kuifuata Sindano

Watoto wa rika langu tulikuzwa na tishio moja: ukimchokoza mbwa akakung'ata, utachomwa sindano 21 za kitovu. Meno ya mbwa hatukuyajali sana. Kitovu ndicho kilichotutetemesha. Miaka ikapita, nikawa muuguzi mkoani Mara, na tishio lile likanifuata mpaka kwenye chumba cha vidonda. Mama anaingia amemshika mtoto mkono, jeraha limefungwa kwa kipande cha kanga, na kabla hajaketi anauliza: "Sista, zile za kitovu bado mnazo?" Namjibu hazipo, siku hizi tunachoma begani. Wengi hawakuniamini. Wapo waliomficha mtoto nyumbani siku kadhaa kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa hatari kuliko mbwa wenyewe.

Wazazi wetu hawakuzua. Sindano za tumboni zilikuwepo kweli, zilichomwa kila siku kwa wiki mbili au tatu, na aliyezipata hakuzisahau. Nilipostaafu nikapata muda wa kusoma zilikotoka, na nilichokikuta ni habari za watoto na mama zao walio njiani. Dawa ya kichaa cha mbwa ina umri wa zaidi ya miaka 140. Muda wote huo mtoto aliyeng'atwa amekuwa akiifuata dawa kule iliko, kwa mguu, kwa treni, kwa meli, kwa bodaboda.

Kabla ya sindano kulikuwa na moto. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alishauri jeraha la mbwa mwenye kichaa lichomwe. Ibn Sina naye aliuandika ugonjwa huu katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, pamoja na ile dalili inayomtisha kila anayeiona, ya mgonjwa mwenye kiu kuyaogopa maji. Karne nyingi baadaye, moto ulikuwa bado ndio tegemeo. Mwaka 1831 mbwa mwitu wa Ulaya mwenye kichaa alipita vijiji vya mashariki ya Ufaransa akiuma watu, na majeruhi wakapelekwa kwa mhunzi wa mji mdogo wa Arbois, akawachoma majeraha kwa chuma kilichoiva. Jirani na hapo aliishi mtoto wa mtengeneza ngozi, mwenye umri wa miaka minane, akishuhudia yote hayo. Jina lake Louis Pasteur.

Sitaki kuwadharau wahunzi wale, wala bibi zetu waliopaka majivu, mafuta ya taa, ugoro au pilipili. Walijua jambo moja la kweli: kitu kibaya kimeingia kwa mlango wa jeraha, na anayewahi kukishughulikia pale mlangoni ana nafasi. Walichokosa ni kifaa sahihi. Ajabu ni kwamba kifaa hicho kilikuwa ndani ya kila nyumba, nami nitakirudia.

Jumamosi, tarehe 4 Julai 1885, asubuhi, katika kijiji kimoja cha Alsace, mbwa wa muuza duka aitwaye Théodore Vone alimrukia Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa, akamjeruhi mikono na miguu mahali 14. Usiku wa siku hiyo daktari wa mji wa jirani alimchoma majeraha kwa asidi ya kaboliki. Yalikuwa yamepita masaa 12. Mbwa aliuawa, na tumbo lake lilipopasuliwa wakakuta nyasi kavu na vipande vya mbao. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa ishara kubwa ya kichaa, maana mbwa mzima hali mbao.

Hapa ndipo mama yake Joseph anapoingia, na kwa maoni yangu vitabu vinampita haraka mno. Alsace wakati huo ilikuwa chini ya Ujerumani. Mwanamke huyu alimchukua mtoto ambaye kutembea kwenyewe kulikuwa shida, akasafiri naye mpaka Paris kwenye nchi nyingine, kumtafuta mtu ambaye hata hakuwa daktari wa binadamu. Pasteur alikuwa mkemia. Alikuwa amewakinga mbwa, lakini kwa binadamu kazi yake haikuwa imethibitishwa. Jumatatu jioni, tarehe 6 Julai, baada ya madaktari Vulpian na Grancher kumtazama mtoto na kuona kwamba bila kitu atakufa, Grancher ndiye aliyeshika sindano, kwa kuwa sheria haikumruhusu Pasteur. Alibana ngozi ya tumbo la Joseph, upande wa kulia chini ya mbavu, akachoma pale. Kitovu cha hadithi za utotoni mwetu kilianzia hapo, kwenye ngozi laini ya mtoto yule.

Ndani ya sindano kulikuwa na uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa. Uti ule ulikuwa umening'inizwa ndani ya chupa yenye hewa kavu, njia iliyobuniwa na Émile Roux, kwa siku 15, mpaka nguvu ya kirusi ikafifia. Kila siku waliendelea na uti uliokaushwa kwa siku pungufu, yaani wenye makali zaidi, na katika sindano ya 13, tarehe 16 Julai, wakampa uti uliokaushwa siku moja tu, ambao ungeweza kumuua sungura. Hapo najaribu kuifikiria ile siku ya mwisho. Mama anajua kinachoingia mwilini mwa mwanawe ni makali matupu. Joseph aliishi. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ulinzi katika taasisi ya Pasteur, akafa mwaka 1940.

Habari zikaenea, na safari zikaanza. Oktoba ya mwaka uleule mchungaji wa miaka 15, Jean-Baptiste Jupille, alipambana na mbwa mwenye kichaa huko Jura ili wenzake wadogo wapate kukimbia. Akang'atwa vibaya mikononi, akapelekwa Paris, akapona. Sanamu yake akiwa anakabana na mbwa ipo mpaka leo kwenye uwanja wa taasisi ile. Desemba, watoto wanne wa Newark, Marekani, walipandishwa meli kuvuka Atlantiki kwa fedha za michango ya watu. Machi 1886 Warusi 19 wa Smolensk waliovamiwa na mbwa mwitu walifika Paris wakiwa na majeraha ya kutisha. Watatu walikufa, 16 wakarudi kwao.

Kuna jina moja ambalo wauguzi tungepaswa kulifundishwa kabla ya jina la Meister. Louise Pelletier, msichana wa miaka kumi, aling'atwa kichwani mwanzoni mwa Oktoba 1885. Alifikishwa kwa Pasteur tarehe 9 Novemba, siku 37 baadaye. Pasteur alijua kwamba amechelewa, na kwamba mtoto huyu akifa maadui wa chanjo watapata la kusema. Akamtibu hivyohivyo, kwa sababu wazazi walimwomba. Louise alikufa mwanzoni mwa Desemba. Dawa iliyomponya Joseph ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni siku 37 na mahali pa jeraha.

Kirusi cha kichaa hakisafiri kwa damu. Kinaingia na mate, kinakaa kidogo kwenye nyama, kisha kinashika mshipa wa fahamu na kupanda taratibu kuelekea ubongo. Aliyeng'atwa kisigino ana muda. Aliyeng'atwa shavu hana. Na mtoto wa miaka minne, akisimama, uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa mkubwa. Ndiyo maana ugonjwa huu, unaoua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa meno ya mbwa, unawachukua watoto wa chini ya miaka 15 kwa kiasi cha wanne katika kila kumi. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Hilo halijabadilika tangu siku za Celsus.

Baada ya Paris, vituo vya chanjo vilianza kusogea karibu na watu. Istanbul ilipata chake mwaka 1887. India, ambako waliokuwa na uwezo walikuwa wakisafirishwa mpaka Ufaransa, ilipata taasisi huko Kasauli, milimani, mwaka 1900. Hapo Kasauli daktari wa jeshi la Uingereza, David Semple, alitengeneza mwaka 1911 chanjo ya ubongo wa kondoo ambamo kirusi kiliuawa kabisa kwa kaboliki. Ilikuwa rahisi kuitengeneza na haikuhitaji uti mbichi wa sungura kila asubuhi, kwa hiyo ikasambaa Asia na Afrika. Lakini ilihitaji ujazo mkubwa, siku baada ya siku, 14 na hata 21, na ngozi pana yenye nafasi ya kupokea mililita zote hizo ni ya tumbo. Ndizo sindano za wazazi wetu. Kwa wachache ilileta balaa jingine: mwili ulipopambana na ubongo wa kondoo uligeukia na mishipa yake wenyewe, mgonjwa akapooza. Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi ziiache tangu miaka ya 1980. India iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2004.

Sisi huku ugonjwa ulikuwepo. Kenya ulithibitishwa kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi mwaka 1912. Ng'ambo ya mpaka, kwetu, kila ukoo una habari ya mtu aliyebweka kabla ya kufa. Hakubweka, ni koo lililokakamaa. Lakini nani angewalaumu waliosikia.

Mabadiliko makubwa mawili ya tiba yalithibitishwa Iran, na nchi hii haitajwi inavyostahili. Agosti 1954 mbwa mwitu aliingia usiku katika kijiji cha Sahneh akajeruhi watu 29. Timu ya Taasisi ya Pasteur ya Tehran, chini ya Marcel Baltazard, ilikuwa na seramu, yaani kinga iliyokwisha tengenezwa na mwili mwingine, ambayo haingoji mwili wa mgonjwa ujifunze. Kati ya waliojeruhiwa kichwani, watano walipewa chanjo peke yake na watatu wakafa. 13 walipewa chanjo na seramu, akafa mmoja. Miongoni mwa waliopona alikuwa mtoto mdogo ambaye meno yalikuwa yamelivunja fuvu lake. Mabadiliko ya pili yalikuja na chanjo ya seli, isiyo na ubongo wa mnyama ndani yake, iliyofanyiwa kazi Philadelphia na Hilary Koprowski na Tadeusz Wiktor. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba Wairani 45 waliong'atwa na mbwa na mbwa mwitu wenye kichaa walichomwa chanjo hiyo pamoja na seramu, na wote 45 walikuwa hai. Sindano chache, mkononi, bila kupooza. Kitovu kikaachiwa.

Sasa nirudi kwenye kile kifaa. Ni sabuni. Majaribio ya wanyama katikati ya karne iliyopita yalionyesha kwamba jeraha lililooshwa vizuri kwa maji na sabuni mapema hupunguza vifo sana, kwa kuwa kirusi hiki kina utando wa mafuta na sabuni huuvunja. Mtu wa Pwani aliyefundishwa tangu chuo cha Kurani kukiosha chombo kilichorambwa na mbwa haoni ajabu akiambiwa aoshe na jeraha. Bara tulihitaji kulisema zaidi.

Namkumbuka msichana wa miaka kama mitano. Jino moja lilikuwa limetoboa chini ya jicho, jingine limeuchana mdomo wa juu mpaka fizi inaonekana, na bibi yake alikuwa ameshindilia ugoro kwenye vyote viwili. Tulimlaza mapajani mwa mama yake, kichwa kikining'inia ukingoni mwa beseni. Tulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, dumu la maji, na bomba la sindano la mililita 20 lililotolewa sindano, ambalo ukilibonyeza maji yanaingia mpaka chini kabisa ya tundu la jino. Ugoro ulitoka kwa vipande vyeusi, kisha maji ya kahawia, kisha damu safi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Robo saa kwa mtoto anayelia ni ndefu mno.

"Basi sista, amechoka," mama alisema.

"Bado kidogo, mama. Mshike hivyohivyo."

Baada ya hapo aidini, sindano ya pepopunda, dawa ya kuzuia usaha, na chanjo ya kwanza. Daktari aliweka nyuzi mbili za kulegea kwenye mdomo na kuacha mengine wazi, kwa sababu kushona na kukaza jeraha la mbwa ni kukifungia kirusi na usaha ndani. Seramu, ile ya Sahneh, ambayo kwa kawaida ingemwagwa ndani na kandokando ya jeraha la uso kama lile, hatukuwa nayo. Ilikuwa haipatikani wilayani, na nchi nyingi maskini haipatikani hadi leo. Tulibaki na sabuni na chanjo. Msichana yule alikua. Kovu la mdomo linaonekana akicheka.

Mwingine hakukua. Mvulana wa miaka minane hivi, aliyeng'atwa kiganjani na mbwa koko. Baba alimfikisha hospitali moja akaambiwa chanjo imekwisha, aende mbele zaidi. Alirudi nyumbani kutafuta nauli na bei ya dawa. Alipouza mbuzi na fedha ikatosha, kiganja kilikuwa kimepona vizuri, hakuna hata kigaga, na mtoto anacheza mpira. Nani ampeleke mbali mtoto mzima? Wiki kadhaa baadaye waliletwa kwetu. Tulimpa kikombe cha maji, akakinyanyua kwa mikono miwili kwa kiu, na maji yalipogusa midomo shingo ikakaza, akakitupa. Baba aliniuliza kama sasa zile sindano zimeshafika.

Zilikuwa zimefika. Sina namna nyingine ya kuisimulia historia ya tiba hii ila kwa swali la baba yule. Louise Pelletier alikuwa siku 37 kutoka Paris. Mvulana wa Mara, karne moja na zaidi baadaye, alikuwa mbuzi mmoja kutoka mji wa pili. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua Watanzania wapatao 1,499 kila mwaka, mara nyingi sana zaidi ya vifo vilivyoandikwa kwenye taarifa rasmi. Sikushangaa. Watoto wale walikufa nyumbani, au kwa mganga, au wodini wakiwa wameandikiwa malaria iliyopanda kichwani.

Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linaruhusu utaratibu mfupi: chanjo ndogo sana ndani ya ngozi yenyewe, mikono yote miwili, siku ya kwanza, ya tatu baada ya hapo, na ya saba. Kichupa kimoja kinatosha watoto kadhaa, mradi waje siku moja, kwa sababu kikishafunguliwa hakilali. Katika zahanati ya kijijini watoto wanne hawang'atwi siku moja. Hapo hesabu nzuri ya Shirika hilo inakwama, na mhudumu anabaki ameshika kichupa akifikiria kama akifungue kwa ajili ya mtoto mmoja. Mimi nasema akifungue.

Lakini wakati mimi nahangaika na vichupa, kazi kubwa zaidi ilikuwa inafanyika nje, chini ya miembe. Tangu miaka ya 1990 mabwana mifugo na watafiti walikuwa wakizunguka vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti kuchanja mbwa. Baadhi ya mbwa mwitu wa Afrika waliokuwa hifadhini walikuwa wamekufa kwa kichaa, na mwaka 1994 simba wengi, kama theluthi moja, walikufa kwa ugonjwa mwingine unaotoka kwa mbwa. Watu walianza kwa ajili ya wanyama, na watoto wakafaidika. Katika wilaya ya Serengeti kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Sisi wa chumba cha vidonda tuliliona kwenye daftari kabla hatujasoma popote: kurasa zilianza kubaki na nafasi.

Na wanaowaleta mbwa ni watoto. Ukienda siku ya chanjo utawakuta wamepanga foleni tangu alfajiri, mmoja ameshika kamba ya katani, mwingine mnyororo wa baiskeli, mwingine amembeba mbwa mzima mzima begani kama mbuzi wa sikukuu. Watu wazima wengi hawawezi kumkamata mbwa wa nyumba yao wenyewe. Mtoto ndiye anayemlisha, ndiye anayechunga naye, ndiye anayemwita akaja. Karani anauliza jina la mwenye mbwa, mtoto anataja la baba, kisha anataja la mbwa kwa sauti kubwa zaidi.

Pemba walikwenda mpaka mwisho. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza 2010 ziliuondoa ugonjwa kisiwani kufikia 2014. Kampeni zikapoa, na 2016 kirusi kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wakang'atwa tena, watoto wakapandishwa magari tena kuelekea hospitali. Wachanjaji wakarudi shehia kwa shehia, wakimfuatilia kila mbwa aliyeuma na kila aliyeumwa, na 2018 ugonjwa ukakoma kwa mara ya pili. Boti za bara zinaendelea kutia nanga Wete na Mkoani, na baadhi yake zina mbwa.